Chaki ya Fimbo ya Pool: Namna ya Kulinganisha Aina Zake Mezani, Hatua kwa Hatua

Kila aliyewahi kushika fimbo ya pool anaijua ile sauti. Umelenga vizuri, umetuliza pumzi, umeisukuma fimbo, na badala ya mlio mzito unasikia "tak!" kavu. Mpira mweupe unakwenda mrama, na mpinzani wako ameshainuka kitini kabla haujasimama. Macho yako yanakimbilia chaki. Unaigeuzageuza, unaitazama kama mtu aliyekusaliti, na moyoni unaapa kutafuta ile ya bei ghali ambayo kila mtu anaisifu.

Kabla hujafungua pochi, nisikilize kidogo. Chaki ghali haitakupa mzunguko mkubwa kuliko chaki nafuu iliyopakwa vizuri. Chaki hutofautiana katika mambo mawili: inakaa kwenye ncha kwa mapigo mangapi, na inaacha uchafu kiasi gani kwenye mipira, kitambaa na mikono. Hayo mawili yana uzito, na unaweza kuyapima mwenyewe kwa saa moja au mbili ukiwa na meza, karatasi nyeupe na rafiki mmoja mvumilivu.

Chaki inafanya kazi gani hasa

Ncha ya fimbo ni ngozi, na mpira ni plastiki ngumu iliyong'arishwa. Ngozi nayo, ikishapigwapigwa, hung'aa. Vitu viwili laini vikigusana kwa upande, vinateleza. Chaki ni unga wa chembe ngumu, ndogo mno, zinazojishikiza kwenye ngozi na kuuma uso wa mpira kwa ule muda mfupi wa kugusana, ambao ni kama sekunde 0.001.

Wanaopima mambo haya hukadiria kigezo cha msuguano kati ya ncha iliyopakwa chaki na mpira kuwa karibu 0.6. Kati ya mpira na mpira mwingine ni kama 0.06, yaani mara kumi chini. Iweke namba hiyo ya pili akilini, tutairudia tukifika kwenye uchafu.

Namba ya kwanza inaweka mpaka. Kwa msuguano wa kiasi hicho, unaweza kupiga mpira mbali na kitovu chake hadi karibu nusu ya nusukipenyo. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57.15, kwa hiyo nusukipenyo ni kama milimita 28.6, na mpaka wako ni kama milimita 14 kutoka katikati. Kwenye snuka, ambako mpira una milimita 52.5, mpaka ni kama milimita 13. Ukipita hapo, fimbo itateleza hata kama chaki imetoka mbinguni. Watu wengi wanaolaumu chaki wamepiga nje ya mpaka huo bila kujua, na mtihani wa kwanza hapa chini utakuonyesha kama wewe ni mmoja wao.

Historia yake inachekesha kidogo. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuweka ngozi kwenye ncha ya fimbo mwanzoni mwa karne ya 19, na kuanzia hapo watu wakagundua kwamba mpira unaweza kuamriwa urudi nyuma au upinde baada ya kugonga ukingo. Kisha inasimuliwa habari ya Mwingereza Jack Carr, ambaye katika miaka ya 1820 aliwauzia wachezaji "unga wa kuzungusha mpira" kwa bei kubwa, kumbe ndani ya vile visanduku vizuri mlikuwa na chaki ya kawaida tu. Uuzaji wa miujiza kwenye visanduku vidogo, basi, haukuanza leo.

Chaki tunayoijua sasa ilipewa hataza mwaka 1897 na Wamarekani wawili, William Spinks aliyekuwa mchezaji stadi wa biliadi, na William Hoskins, mkemia wa Chicago. Wao waliachana na chaki ya mawe na kutumia silika na korundamu, yaani chembe ngumu za jamii ya zile zinazotumika kwenye msasa, zikichanganywa na kishikizo na rangi. Kwa hiyo kile kipande cha bluu si chaki kwa maana ya ile ya ubaoni. Ya ubaoni ni laini, husagika ikawa poda isiyouma, na huanguka kwenye ngozi kwa pigo moja. Usiijaribu hata kwa dharura.

Aina utakazokutana nazo

Majina ni mengi, lakini ukiziweka mkononi utaona zinaangukia katika makundi machache.

Kundi la kwanza ni chaki kavu za jadi: Master, Triangle, Silver Cup na wenzao. Hizi ndizo zilizojaa kwenye meza nyingi duniani. Ni kavu, zinapakika kwa urahisi, bei yake ni ndogo, na zinatoka kwenye ncha upesi, hivyo unapaswa kupaka kila pigo. Mimi sioni hilo kuwa dosari kubwa. Mchezaji mzuri anapaka kila pigo kwa vyovyote, kwa kuwa ni sehemu ya mwendo wake wa kujituliza na kufikiri. Kasoro yake halisi ni vumbi. Linadondoka kwenye kitambaa, linakaa kwenye vidole, na mpira mweupe unajaa madoa ya bluu.

Kundi la pili ni chaki laini zaidi zenye kushika, mfano Blue Diamond ya kampuni ya Longoni ya Italia, na zile za Predator. Zinafunika ngozi kwa usawa bila kusugua sana. Ukitoka kwenye chaki kavu iliyozeeka ukashika mojawapo ya hizi, tofauti utaisikia kwenye vidole kabla hujapiga hata mpira mmoja.

La tatu ni zile za kunata, na Kamui ya Japani ndiyo jina linalotajwa zaidi. Kipande kimoja huweza kuuzwa kwa bei ya vipande kumi na zaidi vya kundi la kwanza. Inakaa muda mrefu kwenye ncha na inahitaji mguso mdogo tu. Tatizo linakuja pale mtu anapoipaka kwa mazoea ya chaki kavu: anasugua na kusugua, tabaka linakuwa nene kama tope lililokauka, na kila pigo linaacha muhuri kwenye mpira mweupe.

La nne ni zile zilizotengenezwa mahususi ziache alama chache kwenye mpira. Taom ya Ufini ndiyo iliyolipa kundi hili jina, na wachezaji wa snuka waliipokea mapema kwa sababu wao wanateswa zaidi na mpira mchafu, kama tutakavyoona. Tabaka lake ni jembamba, hata mara ya kwanza unaweza kudhani hujapaka kitu.

Hatua ya kwanza: tengeneza ncha kabla ya kuhukumu chaki

Hapa ndipo wengi wanaharibu ulinganisho wote. Chukua fimbo yako, itazame ncha yake kwa pembeni kwenye mwanga. Inatakiwa iwe na mgongo wa mviringo, kama kipande kilichokatwa kwenye ukingo wa sarafu yenye kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Kama imekuwa bapa, kingo zake ndizo zitakazogusa mpira unapopiga pembeni, na huko chaki haifiki vizuri.

Sasa itazame kwa juu. Ukiona madoa yanayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ngozi imeshindiliwa na haiwezi kushika chaki yoyote. Ikwaruze kidogo kwa kifaa cha kukwaruzia ncha au kwa msasa. Nasema kidogo, maana ngozi ikiondoka hairudi. Kifaa chenye meno madogo cha kuchomachoma ngozi ni kizuri zaidi kwa mtu asiyetaka kupoteza urefu wa ncha.

Baada ya hapo ondoa mabaki yote ya chaki ya zamani kwa kitambaa kikavu. Fanya hivyo kila unapobadilisha aina wakati wa majaribio. Ukipaka chaki kavu juu ya mabaki ya chaki ya kunata, unachopima ni mchanganyiko ambao hakuna kiwanda kinachouuza.

Hatua ya pili: safisha mipira na meza

Osha mipira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Usitumie kitu chenye chembe za kukwaruza. Piga brashi kitambaa cha meza kwa kufuata mwelekeo mmoja, toka upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa pili, ili vumbi la watu wengine lisije likaandikwa kwenye hesabu ya chaki yako. Hatua hii haina siri, ila usipoifanya, mtihani wa tatu na wa nne hauna maana.

Hatua ya tatu: jifunze kupaka

Nimewaona watu wanaocheza vizuri sana wakipaka chaki kama mtu anayetoboa ukuta: kipande kimekandamizwa kwenye ncha, fimbo inazungushwa, na baada ya wiki moja kuna shimo refu katikati ya chaki. Shimo hilo linapaka kile kipande cheupe kilicho chini ya ngozi na kuacha sehemu ya juu ya ncha ikiwa tupu, yaani mahali pale pale panapohitaji chaki.

Paka hivi. Shika fimbo imelala kidogo mbele yako ili uione ncha. Pitisha chaki juu ya ngozi kwa miguso mepesi, kama unafuta vumbi kwenye kioo cha saa, huku ukizungusha fimbo polepole kwa mkono mwingine. Hakikisha miguso inafika kingoni, kwa kuwa unapopiga mpira pembeni, ndiko ncha inakogusia. Kisha tazama. Ngozi yote inatakiwa iwe na rangi moja, bila doa tupu na bila kilima. Kama kuna kilima, gonga fimbo kidogo kwa kidole, mbali na meza.

Kwa chaki kavu, miguso minne au mitano kila pigo. Kwa zile za kunata, mguso mmoja au miwili, halafu tazama kabla ya kuongeza. Macho ndiyo kipimo, si idadi.

Hatua ya nne: mitihani minne

Andaa aina mbili au tatu za chaki, usizidishe. Utahitaji pia mpira mmoja wenye mstari, karatasi nyeupe, tishu nyeupe, stika ndogo za kuwekea alama, na daftari. Kama unaweza, mwombe rafiki akupakie chaki huku wewe umegeukia pembeni, asikuambie ni ipi. Tukijua bei ya kitu, mikono yetu inabadilika. Ukijua fimbo imepakwa chaki ghali, utapiga kwa imani, na imani nayo hunyoosha mkono.

Mtihani wa kwanza ni wa mpaka. Tumia mpira wenye mstari badala ya mpira mweupe. Upana wa mstari huo unakaribia sana nusukipenyo cha mpira, kwa hiyo kutoka katikati ya mstari hadi ukingo wake ni karibu ile nusu ya nusukipenyo tuliyoitaja. Ni rula uliyopewa bure. Uweke mpira ili mstari usimame wima ukiwa umekutazama, kisha piga upande wa kulia, ukianza karibu na katikati na kusogea kidogo kila pigo hadi ukingo wa mstari. Baada ya kila pigo chukua mpira, tafuta alama ya chaki uliyoiacha, halafu ifute.

Nakuonya, alama hiyo itakushangaza. Kwa sababu ncha ni mviringo, mahali inapogusa si mahali ambapo katikati ya fimbo imeelekea. Mguso ukiwa milimita 14 kutoka kitovu cha mpira, katikati ya fimbo yenyewe inaweza kuwa imeelekea karibu milimita 19. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba amepiga pembezoni kabisa, kumbe alama ipo ndani ya mstari. Kinyume chake pia hutokea: mtu anaapa amepiga karibu na katikati, na alama iko nje ya mstari, na fimbo imeteleza. Huyo tatizo lake ni mkono, na afadhali alijue kabla hajanunua chochote.

Piga mara 20 kwa kila chaki, ukilenga alama ianguke karibu kabisa na ukingo wa mstari kwa ndani, na ukipaka upya kila pigo. Andika mara ngapi fimbo iliteleza wakati alama iko ndani. Zile zilizoteleza nje ya mstari zitoe kwenye hesabu. Nimechagua kupiga upande na si chini kwa makusudi: fimbo ikiteleza chini ya mpira huweza kukwaruza kitambaa, na mwenye meza hatakuelewa ukimwambia ulikuwa kwenye utafiti.

Usishangae ukikuta chaki zote zimelingana. David Alciatore, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani na aliyechambua fizikia ya pool kwa miaka mingi, alilinganisha chaki za bei mbalimbali na hakuona tofauti ya maana katika mzunguko unaopatikana, ilimradi ncha imefunikwa vizuri. Na ukipata moja imeteleza mara tatu katika 20, nyingine mara nne, usitangaze mshindi. Tofauti ya pigo moja ni bahati tu. Ingekuwa mara mbili dhidi ya tisa, hapo kuna jambo la kuangalia, na hata hapo rudia siku nyingine kwa kubadili mpangilio wa chaki, kwa kuwa mkono wa mwanzo na mkono uliochoka si mkono mmoja.

Mtihani wa pili ni wa kudumu, na hapa ndipo chaki zinapoachana. Paka ncha mara moja tu, vizuri. Piga mpira mweupe kwa nguvu ya wastani, mguso ukiwa karibu milimita 10 kutoka katikati, yaani ndani ya mpaka kwa nafasi ya kutosha. Baada ya kila pigo itazame ncha bila kuigusa. Andika namba mbili: pigo ambalo doa tupu la kwanza limeonekana, na pigo ambalo fimbo imeteleza. Futa ncha, paka upya, rudia mara tano kwa kila chaki, kisha chukua wastani.

Namba ya kwanza ni muhimu kuliko ya pili. Doa tupu likishaonekana, kila pigo linalofuata ni kamari. Pengine mpira utagusa sehemu yenye chaki, pengine hautagusa. Chaki kavu zitaonyesha doa mapema, za kunata zitachelewa. Jiulize kwa ukweli: unapocheza, unasahau kupaka? Kama unasahau pigo moja katika matatu, chaki inayodumu itakuokoa mara nyingi kuliko mazoezi ya mwezi mzima. Kama hujawahi kusahau, umelipia ulinzi usiouhitaji.

Mtihani wa tatu ni wa vumbi, na ni rahisi kiasi kwamba sielewi kwa nini watu hawaufanyi. Paka ncha, ishike juu ya karatasi nyeupe, gonga fimbo kwa kidole mara tatu. Linganisha madoa ya kila chaki yakiwa sambamba kwenye karatasi moja. Halafu safisha mpira mweupe, upige mara kumi, ufute kwa tishu nyeupe iliyolowa kidogo, na uiweke tishu hiyo pembeni ikiwa na jina la chaki. Mwisho tazama vidole vyako. Ukipanga tishu tatu mezani hutahitaji maelezo ya mtu.

Mtihani wa nne ni wa mpira kushikana. Huu ni mgumu kidogo, lakini ndio unaoeleza kwa nini kuna watu wanaolipa zaidi kwa chaki isiyochafua.

Unakumbuka ile namba ya pili, 0.06? Mipira miwili inapogongana kwa pembeni, msuguano huo mdogo huuvuta mpira uliogongwa kidogo kutoka kwenye njia yake. Wachezaji wazoefu wameshazoea na wanalenga wakiliweka hilo moyoni bila kufikiri. Sasa weka alama ya chaki mahali pale pale mipira inapogusana. Msuguano unapanda ghafla, mipira inang'ang'aniana kwa kitambo, na mpira uliolengwa unakwenda kwa pembe ndogo kuliko uliyokusudia. Wakati mwingine hata unaruka kidogo. Mchezaji hajakosea kitu, na hakuna aliyeona kilichotokea. Kwenye snuka, ambako meza ni kubwa na mashimo ni finyu, mkengeuko mdogo namna hiyo unatosha kuipoteza mechi.

Kuuona kwa macho, weka mpira mmoja wa rangi katikati ya meza na mpira mweupe kama sentimita 30 nyuma yake, na stika ndogo chini ya kila mmoja ili uirudishe mahali pale pale. Lenga katikati ya fimbo ipite kwenye ukingo wa mpira wa rangi, ule mgongano wa nusu mpira unaoupeleka mpira kwa pembe ya nyuzi 30. Piga polepole, katikati ya mpira mweupe au chini yake kidogo tu, ili ufike ukiwa unateleza bila kubiringika. Mapigo ya polepole ya namna hii ndiyo yanayoonyesha mvuto huo kwa ukubwa. Weka alama kwenye ukingo pale mpira wa rangi unapogonga, mara tano. Kisha bonyeza chaki kwenye mpira wa rangi mahali utakapoguswa, piga tena mara tano, ukipaka upya kila mara. Utaona alama zimehama. Rudia kwa kila aina ya chaki na uone ipi inazihamisha zaidi.

Huu ni mtihani wa hali mbaya kupita kawaida, kwa kuwa katika mchezo alama ya chaki huangukia mahali pa mguso mara chache tu. Lakini mara hizo chache zinaongezeka kadiri mpira unavyojaa madoa, na hapo ndipo mtihani wa tatu na wa nne unapokutana.

Kuchagua kulingana na unavyocheza

Ukicheza mara moja moja kwenye meza ya watu wengi, beba kipande chako kimoja cha chaki kavu ya jina linalojulikana. Kipande chako. Chaki ya pale mezani ina shimo, imelowa jasho, pengine iliwahi kuanguka ndani ya glasi ya mtu. Mpito kutoka chaki hiyo kwenda chaki yoyote mpya utauona mkubwa kuliko mpito wowote kati ya kampuni na kampuni.

Ukicheza kila wiki na unajijua una mazoea ya kusahau kupaka, chukua ya kundi la pili. Za kunata ningezipendekeza kwa mtu ambaye tayari mkono wake umetulia katika kupaka kidogo. Kwa anayeanza na bado anasugua, ni kupoteza fedha na kuchafua meza. Mwenye meza nyumbani, au anayecheza mashindano ambako mipira husafishwa vizuri, atafaidi zaidi zile zinazoacha alama chache. Faida hiyo inapungua sana mpinzani anapopaka chaki inayomwaga vumbi, kwa kuwa mpira mweupe ni mmoja na mnauchafua wote wawili.

Rangi nayo si urembo. Chagua inayokaribia rangi ya kitambaa cha meza: kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Chaki nyekundu kwenye kitambaa cha bluu huacha madoa yasiyotoka kirahisi, na kuna wamiliki wa meza wasiotaka kuiona kabisa. Kama unacheza kwenye meza tofauti tofauti, bluu ndiyo iliyozoeleka zaidi.

Kwa pigo la kuanzia mchezo, ambalo kwa kawaida unalipiga karibu na kitovu cha mpira, aina ya chaki haina uzito mkubwa. Paka tu. Nguvu ni nyingi, na kosa dogo la kulenga likikutana na ncha tupu mpira utaruka nje ya meza.

Utunzaji, na jambo moja la afya

Weka chaki mezani sehemu ya kupakia ikitazama juu. Ukiigeuza chini, inaacha mraba wa rangi kwenye ukingo, mraba unahamia kwenye mkono wa nguo ya mtu, na kutoka hapo unahamia kwenye kitambaa. Afadhali zaidi uiweke mfukoni kwenye kishikizo chake. Usipakie chaki juu ya kitambaa. Rudi hatua moja kutoka mezani. Chembe zile ni ngumu, na zikijaa kwenye nyuzi zinakikwaruza kitambaa kila mpira unapopita.

Usiilowanishe. Chaki iliyoshika maji hukauka ikiwa na ganda gumu juu, na ganda hilo halipaki, linateleza. Likitokea, lisugue kwa msasa hadi ukutane na uso mpya. Fanya vivyo hivyo kwa kipande kilichotoboka: kata kingo zilizosimama kwa msasa hadi uso uwe bapa au na bonde dogo tu.

Usichanganye chaki ya ncha na unga wa mikononi. Ule mweupe wa kupaka mkono ili fimbo iteleze vizuri kati ya vidole una kazi iliyo kinyume kabisa, na ukiupata kwenye ncha utajuta. Kama mkono wako unatoa jasho, glavu ni safi kuliko unga.

Na usipulize vumbi la chaki kwenye uso wako au wa mwenzako. Mwaka 1996 madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa kwamba baadhi ya chaki za pool walizozipima zilikuwa na madini ya risasi kwa kiwango kikubwa, baada ya kufuatilia watoto waliokutwa na risasi mwilini. Nyingi walizozipima hazikuwa na tatizo hilo, lakini chaki isiyo na jina wala maelezo ya mtengenezaji sina sababu ya kuiamini. Nawa mikono kabla ya kula, na mtoto mdogo asiachiwe kipande cha chaki acheze nacho, kwa kuwa kwa macho yake ile bluu inafanana mno na peremende.

Kipande kinachobaki chembamba hadi karatasi ya pembeni inagusa ncha, usiking'ang'anie. Chana karatasi, kigeuze utumie upande wa pili kwa siku chache, kisha fungua kipya na ukipake kwenye ncha mara mbili tatu kabla ya kupiga, kwa kuwa uso wa chaki mpya wakati mwingine huwa mgumu kuliko ndani yake.